Usitangazie Kila Mtu: Jinsi ya Kuwafikia Wanaotaka Unachouza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mwenye kibanda kando ya steji ya matatu, msemo huu bado una ukweli. Panga nyanya zako vizuri na wapita njia watasimama. Lakini kwenye simu hakuna wapita njia. Ukiweka picha ya bidhaa kwenye ukurasa wako wa Facebook leo, watakaoiona ni wachache, na wengi wao ni binamu zako, majirani na watu mliosoma nao. Wanakupenda na watakuwekea like, ila hawana haja na unachouza.

Hapo ndipo wengi wa wateja wetu huamua kulipia tangazo. Mtu anabonyeza kitufe cha Boost, anaweka mia tano, anangoja. Baada ya siku tatu pesa imeisha, likes zimejaa, na till haijapokea hata shilingi. Anakata kauli kwamba matangazo ya mtandaoni ni ya kula pesa tu.

Mara nyingi tangazo lenyewe halikuwa na kasoro. Lilionyeshwa watu wasiohusika. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kulielekeza kwa wenye haja, jinsi ya kupiga hesabu ujue kama linakulipa, na jinsi ya kulinda pesa zako na za wateja wako njiani.

Mtandao unajuaje nani anapenda nini?

Watu wengi wanaamini simu inawasikiliza wakiongea. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, imekana jambo hilo. Na kwa kweli haihitaji kukusikiliza, kwa sababu wewe mwenyewe unaieleza kila siku. Kurasa unazofuata, video unazotazama hadi mwisho, matangazo unayobonyeza, umri uliojaza ulipofungua akaunti na mahali simu yako ilipo, vyote vinawekwa pamoja. Tovuti na programu nyingine nazo huipelekea Meta habari za unachofanya huko. Mtu anayefuata kurasa tatu za ufugaji na kutazama video za kujenga banda la kuku atahesabiwa kuwa anapenda ufugaji wa kuku, hata kama hajawahi kuandika hivyo popote.

Wewe kama mtangazaji huoni majina ya watu hao. Unachofanya ni kuuambia mtandao: nitafutie watu wa umri huu, walio eneo hili, wanaopenda kitu hiki. Mtandao unakutafutia. TikTok na mitandao mingine hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo, ingawa hapa tutatumia Facebook na Instagram kwa mifano.

Unalipia nini hasa?

Hununui nafasi kama unavyonunua ukurasa wa gazeti. Unaingia kwenye mnada. Kila mara mtu anapofungua simu yake na kuna nafasi ya tangazo, wafanyabiashara wote wanaomtaka mtu huyo wanashindana, na mnada huo huisha kabla hajapepesa jicho.

Lakini mshindi si lazima awe mwenye pesa nyingi. Meta hutazama mambo matatu: kiasi uko tayari kulipa, uwezekano wa mtu huyu kufanya unachotaka afanye, na ubora wa tangazo lako machoni pa wanaoliona. Hii ni habari njema kwa mfanyabiashara mdogo. Tangazo linalomhusu anayeliona linaweza kulishinda la mwenye mfuko mkubwa ambalo watu wanalipita au wanalificha. Kuwachagua watu wanaofaa kunakuokolea pesa mara mbili: humlipii asiyehusika, na yule anayehusika unampata kwa bei nafuu zaidi.

Mfano wa vifaranga Nakuru

Tuchukue mfano. Tuseme unaishi karibu na Nakuru na unauza vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wa siku moja. Hii si biashara ya kungoja. Kiatu kisipouzwa wiki hii kitauzwa wiki ijayo. Kifaranga asipouzwa anaanza kula chakula, anahitaji joto na chanjo, na kila siku inayopita inakula faida yako. Ukitotolesha mia nne ukapata wateja wa mia moja na hamsini, umeingia hasara.

Ukitangaza kwa Kenya nzima kwa kila mtu wa miaka 18 hadi 65, tangazo lako litamfikia kijana wa chuo anayeishi ghorofani Nairobi, na dada wa Mombasa atakayeandika "wako cute sana" na kuendelea na safari yake. Wote watahesabiwa kama watu waliofikiwa, na wote umewalipia.

Basi tuanze kuchuja.

Kwanza ni eneo. Jiulize: mzigo wangu unaweza kufika wapi ukiwa salama? Kifaranga wa siku moja anaweza kusafiri kwa sababu bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni, lakini unataka afike siku hiyo hiyo. Ukiweka duara la kilomita 40 kuzunguka Nakuru mjini, umewapata watu wa Njoro, Rongai, Bahati na Gilgil, ambao wanaweza kuja wenyewe au kutumiwa boksi kwa matatu. Hakikisha umechagua wanaoishi eneo hilo pale ambapo mfumo unakuruhusu, la sivyo utawalipia na abiria wanaopita kwenda Eldoret.

Pili ni umri. Usikisie kwa kuangalia marafiki zako. Angalia wateja ambao tayari wamekulipa. Kama karibu wote ni watu wenye shamba au nyumba yenye uwanja, kuanzia miaka 28 hivi kwenda juu, anzia hapo.

Tatu ni mapendeleo, na hapa ndipo wengi huteleza. Orodha ya mapendeleo ya Facebook iko zaidi kwa Kiingereza, kwa hivyo utatafuta kwa maneno ya Kiingereza. Ukiandika "chicken" na kuchagua la kwanza linalotokea, utakuwa umewaita wapenda kuku choma. Hao wanataka kuku aliye kwenye sahani! Tafuta "poultry farming", yaani ufugaji. Kabla ya kuchagua neno lolote jiulize: anayependa kitu hiki ni mtumiaji, ni mfanyakazi wa sekta hiyo, au ni mtu anayeweza kununua kwangu? Fundi wa nguo anayeuza vitambaa kwa mafundi wenzake hatachagua "fashion", kwa sababu karibu kila mtu anapenda mitindo. Atachagua ushonaji na cherehani.

Pia usibane kupita kiasi. Ukiweka masharti manane mtu awe nayo yote, utabaki na kundi dogo sana, tangazo litawarudia watu wale wale hadi wakuchoke, na gharama itapanda. Masharti mawili au matatu yaliyofikiriwa vizuri yanatosha.

Tangazo lenyewe ni kichujio

Kuna jambo ambalo limebadilika. Siku hizi mfumo wa Meta, usipoubadilisha, huchukua umri na mapendeleo unayochagua kama pendekezo tu, kisha hutafuta hata nje ya hapo ukiona kuna watu wanaoweza kuitikia. Eneo na umri wa chini kabisa unaoruhusu ndiyo mipaka ambayo mfumo huo unaiheshimu. Unaweza kubadilisha mpangilio ili chaguo zako zishikwe, lakini hata hivyo kazi kubwa ya kuchuja imerudi kwenye picha na maneno yako.

Linganisha matangazo haya mawili. La kwanza: "Vifaranga wazuri wanapatikana! Karibuni nyote! Inbox kwa bei." La pili: "Vifaranga wa kienyeji wa siku moja, Nakuru. Sh100 kila mmoja, kuanzia 20. Wamepata chanjo ya Marek. Tunatoa Jumanne na Ijumaa."

La kwanza litaleta jumbe nyingi za "bei?" na "uko wapi?", na utakesha ukijibu watu wasionunua. La pili litaleta chache, lakini anayeandika ameshajua bei, mahali, kiwango cha chini na siku. Amejichuja mwenyewe. Na kwa sababu mfumo hujifunza kutokana na wanaoitikia, ukiwapata waliokusudia kweli utaanza kukutafutia wengine wa aina hiyo. Ukiwapata wa kupenda picha tu, utakuletea wapenda picha.

Ndiyo sababu inafaa pia kuchagua lengo kwa makini wakati wa kuunda tangazo. Ukiuambia mfumo unataka likes, utakupa watu wanaopenda kubonyeza like. Kama unauza, chagua lengo la kupata jumbe za WhatsApp au simu. Na acha tangazo likae siku kadhaa kabla ya kulibadilisha. Kila ukirekebisha jambo kubwa, mfumo unaweza kuanza kujifunza upya kwa pesa zako.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Sasa hesabu. Nambari hizi ni za mfano. Zako zitakuwa tofauti, lakini njia ni hiyo hiyo.

Tuseme unaweka Sh300 kwa siku kwa siku 7. Hiyo ni Sh2,100. Usisahau VAT ya asilimia 16 inayoongezwa juu ya matangazo haya, yaani Sh336. Gharama yako kamili ni Sh2,436. Wengi husahau kipengele hiki halafu wanashangaa kadi imekatwa zaidi.

Tangazo la kila mtu limeleta likes 110 na jumbe 60. Walionunua ni wawili, kila mmoja vifaranga 20. Kama faida yako kwa kifaranga ni Sh25 baada ya gharama zote za kutotolesha, umepata Sh1,000. Toa gharama ya tangazo: hasara ya Sh1,436.

Tangazo lililochujwa limeleta likes 15 tu na jumbe 42. Walionunua ni tisa, kila mmoja 20. Faida ni Sh4,500. Toa Sh2,436, unabaki na Sh2,064. Kila mteja amekugharimu karibu Sh271, na ukimhudumia vizuri, awamu ijayo atakupigia simu bila tangazo.

Ona kwamba tangazo lililofanya vibaya ndilo lililokuwa na likes na jumbe nyingi. Ukipima kwa macho utalichagua hilo. Ukipima kwa daftari utaliacha.

Ili kujaza daftari lazima ujue kila malipo yametoka wapi. Kama unatumia paybill, una njia rahisi: nambari ya akaunti. Kwenye tangazo la Facebook mwambie mteja aandike FB kama akaunti. Kwenye TikTok aandike TT. Anayekuja kupitia rafiki aandike jina la rafiki. Mwisho wa wiki ukifungua taarifa yako ya malipo, utaona wazi nani ameletwa na nini. Kama unatumia till ambayo haina nafasi ya akaunti, muulize kila mteja swali moja: "Ulituona wapi?" Andika jibu kando ya kiasi alicholipa, siku hiyo hiyo. Usiachie kumbukumbu ya kichwa.

Kulipia tangazo bila kuumia

Wengi hulipia matangazo kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu. Sisi tunapendekeza kadi ya mtandaoni ambayo unaiwekea tu kiasi cha wiki hiyo. Ikiwa mtu ataiba akaunti yako ya matangazo, hatapata zaidi ya kilichomo.

Na wizi huo upo. Utapokea ujumbe unaojifanya umetoka Facebook: "Ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka hakimiliki. Bonyeza hapa kukata rufaa." Ukibonyeza, utaombwa nenosiri, halafu nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako. Ukizitoa, mgeni ataingia, atakuondoa kwenye ukurasa wako na kuanza kutangaza vitu vyake kwa kadi yako. Mambo ya ukurasa wako yaangalie ndani ya programu yenyewe, kamwe si kupitia kiungo ulichotumiwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Na unapounda tangazo, weka tarehe ya mwisho na kikomo cha matumizi cha akaunti nzima. Tangazo lisilo na tarehe ya mwisho litaendelea kukukata hata ukiwa kijijini kwa mazishi.

Kaa mbali pia na wanaouza wafuasi elfu kumi kwa bei ya chai. Hao si wateja. Mbaya zaidi, wanauharibia mfumo taarifa, kwa sababu unaanza kudhani watu wako ni akina nani wasiojulikana wa nchi za mbali.

Pesa ikianza kuingia

Anayekujia kupitia tangazo hakujui. Hana shangazi aliyemwambia wewe ni mtu mzuri. Kabla hajatuma pesa, anatafuta sababu ya kukuamini, na moja ya sababu hizo ni jina linalotokea anapolipa. Kama ukurasa wako unasema jina moja na pesa zinaenda kwa nambari binafsi yenye jina jingine, wengi wataishia hapo, na hatuwalaumu. Sajili till au paybill kwa jina la biashara, na jina hilo liwe lile lile lililo kwenye ukurasa na kwenye tangazo.

Na wewe pia humjui. Tangazo zuri huvuta wanunuzi na huvuta wajanja. Ujanja unaojulikana zaidi ni ujumbe wa malipo uliotengenezwa: mtu anakutumia picha ya skrini, au ujumbe unaofanana kabisa na wa malipo lakini umetoka kwa nambari ya kawaida, kisha anakuharakisha, "boda yuko hapo nje, mpatie mzigo." Usitoe mzigo kwa sababu ya picha ya skrini. Fungua programu yako ya biashara au angalia salio, uone pesa zimeingia kweli. Ikichukua dakika mbili, boda atangoje.

Mwingine atasema amekutumia pesa zaidi kwa bahati mbaya na anaomba umrudishie tofauti. Usitume kutoka mfukoni. Angalia kwanza taarifa yako, na kama kweli kuna malipo ya ziada, yarudishwe kupitia huduma kwa wateja. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN, hata akijua jina lako na kiasi ulichopokea jana.

Nambari ya mteja si mali yako

Hapa tunaomba usome polepole, kwa sababu wafanyabiashara wengi wazuri huvunja sheria bila kujua.

Baada ya miezi michache ya mauzo unakuwa na nambari za simu za wateja mia kadhaa kutokana na malipo na jumbe. Facebook inakuruhusu kupakia orodha kama hiyo ili tangazo liwafikie watu hao, au watu wanaofanana nao. Ni njia yenye nguvu. Lakini mtu aliyekulipa kwa simu alikupa nambari yake ili kulipia vifaranga. Hakukupa ruhusa ya kuitumia kumtangazia, wala kuipakia kwenye mfumo wa kampuni nyingine, wala kumwingiza kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili wasiomjua.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka uwe na ridhaa ya wazi ya mtu kabla ya kutumia data yake kwa biashara, isipokuwa pale sheria nyingine inapokuruhusu. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data haitoi onyo la mdomo tu. Mnamo Septemba 2023 iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao wa kijamii bila ridhaa yake, na ikaitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa hivyo hata ile picha nzuri ya mteja akicheka na boksi lake la vifaranga, muulize kwanza.

Kuuliza si kazi ngumu. Mteja akishalipa, mwandikie: "Asante. Ungependa tukujulishe vifaranga wakipatikana tena? Jibu NDIYO. Ukitaka tuache wakati wowote, andika ACHA." Weka majibu hayo. Atakayesema ACHA, mwondoe siku hiyo. Orodha ya watu hamsini waliosema ndiyo itakuuzia kuliko ya mia tano walioshtukizwa.

Mambo ambayo hayachaguliki

Kuna mapendeleo ambayo hutayapata ukiyatafuta. Tangu Januari 2022, Meta iliondoa chaguo nyingi za kulenga watu kwa mambo nyeti kama afya, dini, kabila au rangi, siasa na mwelekeo wa kimapenzi. Anayeuza dawa za kienyeji hawezi kumlenga mtu kwa kuwa anafuatilia habari za ugonjwa fulani. Tunaona ni sawa. Mtu anayesoma kuhusu saratani usiku kwa sababu mama yake anaumwa si soko la kuwindwa.

Kama bidhaa yako inagusa mambo hayo, lenga hali ya kawaida ya maisha badala ya udhaifu. Muuza vyakula visivyo na sukari alenge wanaopenda mapishi. Na popote ulipo, usiandike usichoweza kuthibitisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki, na tangazo la simu halina msamaha. Ukisema vifaranga wamechanjwa, wawe wamechanjwa.

Ukiwa wewe ndiye mnunuzi

Wengi wenu mnaosoma hapa hamuuzi, mnanunua. Basi jua kwamba vile vile mwenye vifaranga anavyokutafuta, tapeli naye anakutafuta. Akijua unapenda simu za bei nafuu au unatafuta kazi ng'ambo, atalipia tangazo likufikie. Tangazo kulipiwa hakumaanishi limethibitishwa.

Kabla ya kutuma pesa, fungua ukurasa wa muuzaji na utafute sehemu ya uwazi wa ukurasa. Utaona ulifunguliwa lini na kama umewahi kubadilisha jina. Ukurasa wa viatu uliokuwa wa vichekesho mwezi uliopita unapaswa kukutia wasiwasi. Ingia pia kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambayo iko wazi kwa kila mtu, uone matangazo mengine ambayo ukurasa huo unaendesha sasa. Wafanyabiashara pia wanaweza kuitumia kuona washindani wao wanatangaza vipi, bila kulipa chochote.

Kisha lipa kwa till au paybill yenye jina la biashara badala ya nambari ya mtu binafsi, lisome jina kabla ya kuweka PIN, na ukiweza, lipa mzigo ukiwa mkononi. Na ukichoshwa na matangazo ya aina fulani, bonyeza nukta tatu pembeni mwa tangazo uone kwa nini unaonyeshwa hilo, halafu ubadilishe mapendeleo yako.

Anza na wiki moja

Usianze na pesa ya karo. Anza na kiasi ambacho hata kikipotea hutakosa usingizi. Tengeneza matangazo mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu: mapendeleo tofauti, au picha tofauti, si vyote kwa pamoja. Yaache siku saba. Mwisho wa wiki usifungue Facebook kwanza. Fungua taarifa yako ya malipo, uhesabu walioandika FB, toa gharama pamoja na VAT, uone kilichobaki.

Kikibaki kitu, ongeza kidogo wiki inayofuata. Kisipobaki, umejifunza kwa pesa kidogo kile ambacho wengine hujifunza kwa mtaji mzima. Wale vifaranga mia nne watatoka kwenye mashine siku ishirini na moja baada ya mayai kuingia, uwe na wateja au usiwe nao. Anza kuwatafuta wanunuzi siku mayai yanapoingia.